Ukurasa Niliouruka

Shangazi Somoe, shikamoo.

Najua kitu cha kwanza ungeniuliza ni kama nimekula. Nimekula. Nimekula wali na mchicha, nimeosha vyombo, nimefunga mlango wa mbele ili wajukuu wasije kuniuliza bibi analia nini. Barua hii nimekuwa nikiikwepa tangu nikiwa darasa la sita pale Temeke, na sasa nipo Tabata, magoti mabovu, miwani ya kusomea na miwani ya kuendea sokoni. Leo inaandikwa mpaka mwisho. Umeme ukikatika, dirisha lipo.

Naiandika wazi, kila mtu asome. Wewe ulisifiwa hadharani kwa jambo ambalo kumbe lilikuwa ugonjwa. Mie nilisifiwa hadharani kwa jambo ambalo sikulifanya. Lako ulilisahihisha mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Langu nimelilalia miaka yote hii.

Nianze na chapati zako, maana yote yalianzia hapo.

Unakumbuka ua wetu, Shangazi? Vyumba sita, bomba moja, na wewe kwenye kigoda chako mlangoni, jiko la mkaa mbele, chuma cha chapati juu yake. Makuli wa bandarini walikuwa wanapita kwako kabla hawajaenda kazini, na baba akiwa mmoja wao. Wenzako walikuwa wanageuza chapati kwa kijiko au kwa kitambaa. Wewe ulikuwa unageuza kwa vidole vitupu. Unaingiza mkono pale pale kwenye mafuta yanayochemka, unaibinua, unaibandika, huku unaongea na watu wala huangalii. Watu walikuwa wanasimama kutazama tu.

"Somoe ana mkono wa chuma!"

"Nyie mna mikono ya uji," unawajibu. "Nipishe, unanizibia moto."

Balozi wetu wa nyumba kumi alikutaja hata kwenye mkutano. Akasema taifa linahitaji mikono kama ya Ndugu Somoe, isiyoogopa moto. Watu wakapiga makofi, na mie nikapiga zaidi ya wote, nikawaambia wenzangu yule ni shangazi yangu, dada wa baba yangu, tumbo moja. Nilikuwa naringa, Shangazi. Mtaa mzima tulikuwa tunashangilia mkono unaokufa.

Wewe ndiye uliyestuka wa kwanza. Siku hiyo nilikuwa nimetoka shule, bado nina sare, ukaniita ndani.

"Zuhura, hebu nifinye hapa."

Nikakufinya ubavuni mwa kiganja, upande wa kidole cha mwisho.

"Nifinye kweli, mtoto we! Hujala?"

"Nimefinya, Shangazi."

Ukautazama mkono. Kucha zangu zilikuwa zimeacha alama mbili. Ukaufunika na kanga, ukaniambia nikachote maji, na nisimwambie baba.

Sikumwambia. Lakini wiki ile ile, asubuhi, ulikuwa umesimamisha mkono pembeni ya chuma unabishana na mtu kuhusu foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, ndipo nikasikia harufu. Siyo ya chapati. Mie ndiye niliyepiga kelele. Wewe ukageuka kunigombeza kwanza, "Unapigia nini kelele?", ndipo ukaangalia chini. Kidole chako kilikuwa kimeungua mpaka ndani, na ulikuwa hujui.

Basi tukaenda hospitali. Jina lake naliacha, na yule karani naye sitamtaja, maana naye alikuwa mtu wa watu, kazi ilikuwa imemzidi. Daktari alikuwa mgeni, mrefu, ameletwa kutoka mbali. Kiswahili hakukijua, na Kiingereza chenyewe naye alikuwa amejifunza ukubwani. Kati yake na wagonjwa alisimama karani, na karani alikuwa na neno moja tu la Kiingereza kwa shida zote za binadamu. Tumbo linakata, pain. Macho yanawasha, pain. Mtoto hanyonyi, pain.

"Mie siumwi," ukamwambia. "Mwambie siumwi. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Mkono hausikii."

"Anaumwa mkono," karani akasema moyoni mwake, na mdomoni akasema, "Pain."

"Nimekwambia siumwi!"

"Mama, umeungua. Aliyeungua anaumwa. Usinifundishe kazi."

Ukapewa dawa ya kidonda na vidonge vya maumivu ambayo hukuwa nayo. Njiani ulivihesabu, ukasema utampa baba akirudi na mgongo.

Nami nikajitia kimbelembele. Nikamuuliza mwalimu wetu wa Kiingereza shuleni, mkono usiosikia unaitwaje. Akafikiri, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: paralysed. Loo, neno refu hilo! Tukaliamini kwa urefu wake. Tukarudi hospitali, nikampa daktari karatasi kwa mikono miwili. Akaisoma, kumbe neno lile ni kupooza, akanyoosha vidole vyake viwili, akakuashiria uvibane. Ukavibana. Shangazi, wewe ulikuwa umekanda unga tangu usichana! Yule bwana akaruka kwenye kiti, akapuliza vidole, akacheka. Karani naye akacheka. Wagonjwa kwenye benchi wakacheka.

"Mkono mzima huo," karani akasema. "Unampotezea daktari wakati, ndugu yangu."

Wewe hukucheka. Ulifunga kanga yako, ukanishika begani, tukatoka. Nilidhani umekata tamaa, kumbe ulikuwa umekasirika, na hasira zako zilikuwaga za kufanya kazi.

Baba aliporudi akatusikiliza, akacheka kidogo halafu akaacha. Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini. Akasema, "Mwambie tu, hand finish."

"Nyooo! Mkono wangu haujafinish," ukamjibu. "Sikiliza, kaka. Wazungu wana mikono, au hawana?"

"Wanayo."

"Wakiilalia haifi ganzi?"

"Itakufa."

"Basi neno wanalo. Haiwezekani watu wazima wapatwe na kitu wasikipe jina. Lipo mahali, nalitaka."

Ndipo ukainuka, ukaenda kwenye kabati la vyombo, ukalibeba upande mmoja kwa bega, ukanitazama. "Kitoe."

Kile kitabu. Bosi mmoja wa baba, alipokuwa anarudi kwao baada ya uhuru, alikuwa amemwachia baba takataka za ofisini, na humo mlikuwa na kamusi nene isiyo na jalada. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuifungua. Ilikuwa inasawazisha kabati. Nikaitoa, nikaipangusa vumbi, na kabati likainama tangu siku hiyo mpaka tulipohama.

Lakini ilikuwa kamusi ya kwenda upande mmoja. Ukilijua neno la Kiingereza, inakupa Kiswahili chake. Sie tulikuwa na Kiswahili, tena tunacho chote, tunataka Kiingereza. Nilikuonyesha, nikakwambia haiwezekani, Shangazi, kimeandikwa kinyume chetu.

"Neno la kwanza lipo ukurasa wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Na la mwisho lipo wa mwisho?"

"Ndiyo."

"Basi letu lipo katikati. Kaa chini."

Hivyo ndivyo tulivyoanza, Shangazi. Kila siku baada ya alasiri, chapati zimekwisha, mkeka barazani, mie nimelala kifudifudi na kitabu, wewe umekaa miguu umeinyoosha na mkono mgonjwa juu ya paja. Mie nasoma upande wa Kiswahili tu, mstari kwa mstari, wewe unasikiliza. Nikisoma "acha", unasema siyo. "Tupu", siyo. "Kiwete", siyo, na Mungu apishe mbali. Nikikwama kwenye maana ya kutatanisha, unaniuliza maswali mpaka inyooke. Kwenye "legea" tulikaa alasiri nzima. Nilisema si ndiyo hilo, mkono uliolegea? Ukaninyanyulia ndoo iliyojaa kwa mkono ule ule, ukaishikilia, ukaniuliza, "Umelegea huu?" Tukaendelea.

Nilijifunza kutoka kwako, wala si shuleni, kwamba maana inaweza kukaribia sana na bado ikawa siyo. Kuuma siyo. Kulegea siyo. Kupooza siyo. Baridi siyo. Ulikuwa unalijua unalolitaka kama mtu anayetafuta kanga yake kwenye kamba ya wote.

Majirani wakazoea. Wakipita wanauliza, "Mmefika wapi?" Unawajibu, "Tupo D." Wewe na herufi mlikuwa bado wageni. Ulikuwa umejiandikisha kisomo cha watu wazima kwenye ofisi ya tawi, jioni mara tatu kwa wiki, na ulikuwa bado unasoma silabi moja moja. Lakini tulipofika F ukaanza kuchungulia kitabu begani kwangu. Nikisoma haraka unaweka kidole. "Hapo umesema nini? Nionyeshe." Mie nilikuwa naona unanichelewesha.

Sasa nafika pale. Nimekwenda kunywa maji mara mbili. Nafika.

Siku ya N wenzangu walikuwa wanacheza rede na wasichana wa mtaa wa pili. Tulikuwa tumeshindwa mara mbili na safari ile nilikuwa nimeahidi kuwalipiza, maana mie nilikuwa mwepesi, mpira ukinipata ujue nimependa mwenyewe. Nawasikia wanaita jina langu nyuma ya ukuta. Wewe unasema, "Endelea." Nasoma mstari mmoja, nasikia "Zuhuraaa!" Nasoma mwingine. Kisha nikalowesha kidole na mate, nikafunua kurasa tatu kwa pamoja, hapo hapo mbele ya macho yako.

"N imekwisha," nikasema.

"Imekwisha upesi."

"N ni fupi, Shangazi. Wazungu hawana maneno mengi ya N."

Ukanitazama. Ukasema, "Haya, nenda." Nikaenda. Tulishinda, na ile raha ya kushinda naikumbuka mpaka leo, ndiyo inayoniudhi.

Kesho yake tukaanza O. Ningeweza kurudi nyuma. Nilijiambia nitarudi, tukifika P nitarudi, tukifika R nitarudi. Halafu nikaona haya, halafu nikasahau, au nilijisahaulisha. Tukamaliza S iliyotuchukua siku nyingi kuliko zote, tukamaliza T, tukamaliza W. Siku tuliyofika Z mvua za vuli zilikuwa zinanyesha, tumejibanza chini ya bati. Nikasoma mstari wa mwisho. Neno halikuwemo.

Kidole chako cha mwisho kilikuwa kimeanza kujikunja. Ulikuwa unakinyoosha na mkono wa pili, kinarudi.

Nilidhani utalia. Ningelia mie. Mvua ilipopungua ukasema, "Basi tunaanza tena. A. Safari hii nasoma mwenyewe, wewe kaa usikilize."

Shangazi, wewe ulikuwa unasoma "mkate" kwa pumzi tatu! Kitabu chote kile! Nilikwambia tutafika lini? Ukaniambia, "Nikifika." Na ukaanza. Kidole chini ya mstari, midomo inatangulia, sauti inafuata. Ukaacha kuchekwa kisomoni, maana wenzako walikuwa wanasoma habari za kilimo cha pamba na wewe ulikuwa umeshapita maana zote za A na B. Mwalimu wa kisomo akadhani una mwalimu mwingine wa siri.

Na mie nilikuwa nimekaa pembeni yako siku zote hizo, najua kuna kurasa tatu ambazo sikuzisoma. Sikusema, "Shangazi, fungua N kwanza." Maneno manne. Hilo ndilo ninalolikiri leo. Kuruka kulikuwa utoto, lakini kunyamaza nilikuwa nakuchagua kila alasiri upya. Niliogopa utaniona mwongo, basi nikakuacha ukapita jangwa lote kwa miguu. Vuli ikaisha, jua likaja, masika yakaingia. Kidole cha pili kikajikunja kama cha kwanza.

Ilikuwa asubuhi, Jumapili, baba yupo nyumbani anashona kiatu. Ulikuwa unasoma barazani, mie nafua. Nikasikia, "Ga. Ga-n. Ga-nzi." Kisha ukapiga ukelele baba akajichoma sindano.

"Zuhura! Njoo! Upande wa pili! Nisomee upande wa pili!"

Nikaja na povu mikononi. Kidole chako kilikuwa chini ya mstari, na mstari ulikuwa kwenye kurasa zile tatu. Niliutambua hata kabla sijausoma. Nikakusomea. Numb.

"Numb," ukarudia. "Numb. Ala! Kadogo hivi? Miezi yote hii nilidhani litakuwa refu kama treni."

Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Baba akacheka. Majirani wakatoka vyumbani, wakaambiwa neno limepatikana, na sijui nani alianza, wakanibeba mie! "Mtoto kamtafutia shangazi yake neno! Mtoto ana akili huyo!" Nikanyanyuliwa juu na povu langu. Nilikutazama kutoka huko juu nikitegemea utasema, jamani, nimelisoma mwenyewe. Hukusema. Ulikuwa unapiga makofi, kiganja kimoja kimenyooka na kingine nusu.

Kesho yake hukwenda dirishani kwa karani. Ulipita pembeni, kitabu kifuani, karani anakufuata nyuma, "Mama! Ndugu! Foleni!", ukaingia kwa daktari, ukakilaza kitabu wazi mezani kwake, ukaweka kidole kizima kwenye neno, halafu ukaonyesha mkono. Daktari akainama. Akasoma. Akaweka kalamu chini.

Alichukua pamba, akainyonyoa uzi mwembamba. Akakuashiria ufumbe macho, na kila ukiguswa useme ndiyo. Akaanza mkono mzima. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Kisha akahamia wa pili. Akapitisha ile pamba kwenye kiganja, kwenye kidole cha mwisho, kwenye kile cha pili yake, akapanda na lile baka jeupe la mkononi ambalo sote tulidhani ni choa. Nilikuwa namwona. Alipita mara moja, akapita tena.

Nawe ukaniuliza, macho umefumba, "Zuhura, mbona haanzi?"

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Sijawahi kusahau sauti hiyo, wala subira iliyokuwa ndani yake. Nikakwambia, "Anaanza sasa hivi, Shangazi."

Akakushika kiwiko, akatafuta kitu kwa vidole vyake, akakipata, mshipa wa fahamu uliovimba. Akamwita karani, na safari hii karani alitafsiri polepole. Ukoma. Unatibika, dawa zipo, ni za miaka lakini zipo. Vidole viwili vilivyojikunja havitarudi. Vilivyobaki vitabaki, kwa sababu umekuja sasa. Akasema, na karani akasema, ungekuja na neno hili kabla ya vuli hata hivyo viwili vingepona.

Ungekuja nalo kabla ya vuli. Kabla ya vuli nilikuwa nacheza rede.

Wewe ulisema, "Basi lina jina. Nipe dawa."

Uliporudi hukusubiri watu wakunong'one. Ulikwenda kwa balozi mwenyewe, ukamwambia akusanye watu, ukasimama. "Mkono wangu mlioushangilia haukuwa wa chuma. Ulikuwa unaumwa, na mie sikujua, na nyie hamkujua. Chapati siuzi tena. Mwenye mtoto asiyesikia moto asijisifu, ampeleke hospitali." Wengine walirudi nyuma hatua mbili, nakumbuka nani na nani, na wamekwishakufa, basi. Siku ile saa sita mchana baba akatoa sinia la ugali uani, pale pale bombani ambapo kila mtu anapita, akakuita, mkala pamoja, mkono wako na wake, tonge lako tonge lake. Akala polepole kuliko siku zote. Alikuwa anataka waone.

Na penseli ukaishika kwa vidole vitatu. Ukafaulu kisomo. Ukaanza kuwafundisha wenzako, na walioogopa sinia lako hawakuogopa chaki yako.

Nilipochaguliwa kwenda kusomea uuguzi ulinipa kile kitabu, umekishonea jalada la kanga. Ukasema, "Kisome chote. Usiruke." Ulijua, Shangazi? Au ulikuwa unasema tu kama watu wazima wanavyosema? Sikuuliza. Ukarudi Lindi, ukazeeka huko, ukafa umelala, na mie bado sijauliza.

Kitabu nimekaa nacho kazini miaka yote. Wodi kwa wodi. Mgonjwa akiniambia jambo, sikuandika "maumivu" mpaka nimuulize kama ulivyokuwa unaniuliza: linakata, linachoma, linavuta, au halipo kabisa? Vijana walinicheka, Sista Zuhura na maswali yake. Lakini herufi moja sikuwahi kuifungua. Kila neno la N nilikuwa nauliza watu. Hata nurse, kazi yangu mwenyewe iliyonilisha, sijawahi kuitazama mle ndani, kwa sababu najua lipo jirani na lile lako.

Sasa nimestaafu, na nina daftari. Naandika kamusi ya kwenda upande wetu. Kushoto ni vile wagonjwa wanavyosema hasa, kwa vinywa vyao: moyo unanidunda, kichwa chepesi, mwili unatambaliwa na sisimizi. Kulia ni neno la Kiingereza analolijua daktari kijana aliyesomeshwa kwa Kiingereza mpaka akasahau mama yake anavyougua. Nimeomba watu wazima Temeke nzima, Tandale, Tabata, waniambie. Nimekwenda vizuri mpaka G. Wiki tatu sasa daftari limelala mezani, limefunguliwa kwenye "ganzi", na kulia hakuna kitu. Neno nalijua! Nani analijua zaidi yangu? Mkono ndio haukubali.

Ndiyo maana ya barua hii. Nilijiambia nikuombe radhi kwanza, kisha nifungue N kwa mikono yangu, nisome kurasa tatu zote, mstari kwa mstari, ndipo niandike. Niwie radhi, Shangazi. Sasa naweka kalamu chini, naenda kukichukua kitabu.

Nimerudi. Subiri nifute miwani.

Nimezisoma, Shangazi. Mbili za kwanza kwa sauti, sijaruka hata nukta. Ya tatu ndiyo hiyo. Neno lipo, dogo vile vile. Na pembeni yake, kwenye ule weupe wa ukurasa, kuna penseli. Herufi kubwa kubwa za kisomo, zimeinama kama zilivyoinama zako zote tangu vidole vilipobaki vitatu:

HAPA ZUHURA ALICHOKA. NIKAMALIZIA MIE.

Basi ulijua. Ulijua siku nilipobebwa juu na povu mikononi, ukapiga makofi. Uliniandikia jibu, ukanikabidhi mkononi, ukaniambia nisiruke, nami nikaruka tena, miaka yote hii. Nimelia, ndiyo, na nimecheka, maana nimekusikia kabisa unavyolisema, na kidevu umekiinua.

Nimechukua kalamu. Kushoto, ganzi. Kulia nimeandika neno lako. Chini yake nimeongeza maelezo, kwa wauguzi watakaokuja: Mgonjwa akisema haumwi, mwamini, kisha mfumbe macho, umguse kwa pamba.

Sijachoka, Shangazi. Lala.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Zuhura